Karani aliyeiweka serikali kizimbani

Kijana yeyote wa mitaa ya Tanga, awe wa Nguvumali, Makorora au Chumbageni, aliyewahi kufundishwa riwaya ya Kusadikika darasani anaweza kukutajia maudhui yake kwa mkupuo mmoja: uongozi mbaya, dhuluma, umuhimu wa sheria, ukombozi wa wanyonge. Ndivyo yalivyoandikwa ubaoni na ndivyo yalivyohamia kwenye karatasi ya mtihani. Lakini muulize kijana huyo swali dogo tu: Shaaban Robert mwenyewe alikuwa upande wa nani? Wa mkoloni aliyemlipa mshahara na kumvisha nishani, au wa TANU, chama cha kudai uhuru alichojiunga nacho? Hapo kimya kinatanda. Jibu linalobaki ni lile la kwenye hotuba za sherehe: gwiji, Shakespeare wa Kiswahili, fahari ya Tanga.

Sifa hizo anazistahili. Ila zimemwondoa mtu na kuacha picha ukutani. Mwanafalsafa mwenye msimamo wake wa kisiasa, aliyeishi kati ya dunia kadhaa bila hata moja kuwa yake moja kwa moja, amegeuzwa babu mpole wa mawaidha. Tanga, mji uliomzaa na alikomalizia kazi, una kila sababu ya kukataa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo mwa mji wa Tanga. Ukoo wake asili yake ni Wayao, watu wa mbali huko kusini, naye alijihesabu Mswahili. Alikuwa Muislamu mwenye jina la Robert. Katika pwani hii, ambako hata leo mtu akitajwa watu huuliza ni mtoto wa nani na babu yake alizikwa wapi, mambo hayo mawili yalitosha kumweka mlangoni: si ndani, si nje. Washairi wakubwa wa Mombasa, Pate na Lamu walikuwa na koo za ushairi na vyuo vya masheikh nyuma yao. Yeye alikuwa na cheti cha shule ya serikali. Alikipata Dar es Salaam, alikosoma kuanzia 1922 hadi 1926, akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliofuzu.

Cheti hicho kilimpeleka Pangani, kwenye forodha. Hapo panahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu wasifu mwingi wa Shaaban Robert hupita Pangani mbiombio kana kwamba ilikuwa kituo cha basi. Alikaa huko kuanzia 1926 hadi 1944. Ujana wake wote uliishia pale mto unapoingia baharini, mkabala na Bweni, akiandika hesabu za ushuru wa majahazi. Na forodha ile haikuwa ofisi ya hivihivi. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha forodha ya mrima, yaani pwani ya bara, kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi Agosti mwaka huo wakala wa kampuni alipokuja kuishika Pangani kwa nguvu na kupandisha bendera, watu walikataa. Kukataa huko ndiko kulikoleta vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa hapohapo Pangani mwezi Desemba 1889. Mshairi wa pwani hiihii, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliviandikia vita hivyo utenzi mzima, akisimama waziwazi upande wa watu wa mrima.

Miaka 37 baada ya kitanzi cha Abushiri, kijana wa Machui akaingia kazini kwenye forodha hiyohiyo, sasa chini ya Mwingereza. Meza ile ilikuwa na deni la damu. Kwa mtu mwenye akili kama yake, ni vigumu kuamini kwamba hakulijua.

Ofisi za Tanganyika zilikuwa na ngazi ya rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kwa cheo na kwa mshahara. Karani Mwafrika aliaminiwa kulinda fedha za dola nzima lakini hakuaminiwa kuamua lolote. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, akaandika kwa hati nzuri, akasoma gazeti, akarudi jioni mtaani kwa watu waliomwona yeye ndiye serikali. Tabaka hilo halikulala. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge iliyochunguza mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kutoka kwa makarani na walimu wa aina hiyo kikaja mwaka 1929 chama kilichokuja kuitwa TAA, na baadaye TANU, tarehe 7 Julai 1954. Wanaodhani harakati za uhuru zilianza Dar es Salaam wanaisahau Tanga mapema mno.

Shaaban Robert alikuwa mtu wa tabaka hilo hasa. Baada ya Pangani alihamishiwa Mpwapwa, idara ya mifugo, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga: kwanza ofisi ya jimbo, halafu ofisi ya upimaji mpaka mwaka 1960. Miaka 34 ya utumishi. Ndani ya miaka hiyo, usiku na siku za mapumziko, aliandika tawasifu, tenzi, insha, riwaya na tafsiri ya rubai za Omar Khayyam.

Sasa linakuja jambo ambalo mashabiki wake hulikwepa. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa, Shaaban Robert aliitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, na msimamo wake humo ni wa upande wa Uingereza na washirika wake. Alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza, akaitumia kwa fahari baada ya jina lake. Alikaa kwenye kamati za lugha zilizoundwa na wakoloni, zile zilizosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja kuanzia 1930. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilitolewa na chuo kikuu cha Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati makaburu wanashika dola. Ukiyapanga mambo haya peke yake, utamwona kibaraka. Wapo waliomwona hivyo.

Wanakosea, na kosa lao linaonekana wazi ukiuweka utenzi ule karibu na Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Waingereza waliwaambia watu wa makoloni kwamba vita ile ni ya uhuru dhidi ya udhalimu. Shaaban Robert hakuwacheka wala hakuwatukana. Aliwachukua kwa neno lao, akaliandika kwa maelfu ya beti, kisha akalidai. Mtu aliyekula kiapo mbele ya mashahidi hawezi kukikana. Na yeye ndiye aliyekuwa shahidi.

Tazama alivyodai. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, haigusi ardhi, kwa hiyo hakuna ofisa ambaye angeweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema hapa imetukanwa Tanganyika. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mshitaki wake ni Waziri Majivuno, na mfalme yupo anasikiliza. Mshitakiwa anapewa nafasi ya kujitetea, na badala ya kuomba radhi anaanza kueleza habari za wajumbe sita. Hao walitumwa na dola hiyohiyo, wakasafiri pande zote nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini, wakarudi na habari za jinsi watu wa kwingine wanavyoishi vizuri kuliko Kusadikika. Malipo yao yalikuwa gereza. Siku baada ya siku Karama anamtaja mmoja, safari yake, taarifa yake, adhabu yake. Kufikia siku ya sita mambo yamegeuka: aliyeko kizimbani ndiye anayeuliza, na serikali ndiyo inayotakiwa kujibu.

Huo ni ufundi wa karani. Karama hapigi kelele za mkutano wa hadhara, anafungua majalada. Anaiambia serikali: haya ni maandishi yenu wenyewe, wajumbe wenu wenyewe, hukumu zenu wenyewe, naomba tusome pamoja. Aliyeandika kesi ile alikuwa ametumia robo karne akipokea na kuhifadhi karatasi za watawala, akijua kwamba dola huogopa kumbukumbu zake kuliko inavyoogopa matusi. Ni kweli pia kwamba mwisho wa yote mfalme anabaki mfalme. Wahakiki wa mrengo wa kushoto waliotokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 walilikamata hilo: wakasema Shaaban Robert anaamini mno katika dhamiri ya mtawala, kwamba uovu kwake ni tabia ya mawaziri wabaya, haukuzaliwa na mfumo. Hoja yao ina uzito. Mtu aliyeishi kwenye ngazi ya rangi angeweza kuiandika ngazi yenyewe, na hakuiandika kwa namna ambayo wao wangeitaka.

Lakini kuna kitu alichokiona kabla yao, na kitu hicho kilihitajika katika mfumo wowote ule, wa mfalme, wa gavana au wa rais: haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Aliidai mkoloni akiwa bado kitini. Alifariki mwezi Juni 1962, akiwa ameuona uhuru kwa miezi sita tu. Mwaka huohuo wa 1962 bunge la Tanganyika huru lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Nchi ilizaliwa bila sura ya haki za binadamu ndani ya katiba yake, na sura hiyo haikuingizwa mpaka mwaka 1984, ikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Kwa miaka hiyo yote watoto walikuwa wanasoma kesi ya Karama shuleni na kufaulu mitihani yake.

Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na mjumbe wao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliuliza kwa kijikaratasi mwaka 1968 nchi yake inakwenda wapi. Akafungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyaficha gerezani yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Alienda, akaona, akasema, akatupwa ndani. Shaaban Robert alikuwa ameshaichora hali hiyo miaka 17 kabla.

Kwa hiyo mtu huyu hakumfaa mkoloni moja kwa moja, na hakuifaa dola huru moja kwa moja. Ndipo ikafanyika jambo la ajabu: akavishwa vazi. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, mwandishi akiwa kaburini Machui. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilikuwa limetolewa Februari 1967. Utubora, anayeacha kazi ya mjini kwenda kulima, akapokelewa kama mwanakijiji wa kwanza wa ujamaa. Ayubu wa Siku ya Watenzi Wote akawa mjamaa kamili. Walimu walikuwa na sababu nzuri, kwani utu, kazi na usawa kweli vimo ndani ya vitabu hivyo. Lakini Utubora anakwenda shambani kwa hiari, kwa uamuzi wa moyo wake mwenyewe, baada ya kuchoshwa na fedha za watu. Hakupakiwa kwenye lori. Waliohamishwa kwenye vijiji katika miaka ya 1970 walijua tofauti hiyo, na riwaya ya Utubora ikisomwa bila tofauti hiyo inakuwa imesomwa nusu.

Aliyeisoma vizuri zaidi alitoka Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, aliandika tasnifu yake ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert mwaka 1976, hapohapo Dar es Salaam. Wakati huo alikuwa ameshatoa Kichwamaji na mashairi ya Kichomi, vyote mwaka 1974, na kuzua ugomvi mkubwa wa mashairi huru. Watetezi wa vina na mizani walimtumia Shaaban Robert kama rungu la kumpigia. Ni jambo la kusikitisha, maana wawili hao walikuwa ndugu wa shida moja. Kazimoto wa Kichwamaji ni msomi aliyekatika kutoka kwa wazazi wake, kijiji chake na mwishowe uhai wenyewe. Elimu imempa macho na kumnyang'anya pa kukaa. Shaaban Robert alikuwa na macho hayohayo. Alichofanya tofauti ni kwamba alijijengea pa kukaa.

Alijenga kwa Kiswahili. Mtu asiye na ukoo wa ushairi aliifanya lugha iwe ukoo. Myao wa asili, Muislamu mwenye jina la Kizungu, karani wa dola ya kigeni, aliandika kana kwamba lugha hii inamtosha yeyote anayeipenda na kuitumikia, na kwamba hahitaji kuonyesha hati ya babu yake mlangoni. Katika tawasifu yake aliweka utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume, kama mtu anayegawa urithi pekee alio nao. Kisha, mtu aliyekuwa na nishani ya dola, akachagua kuandika wasifu wa nani? Wa Siti binti Saad, mwanamke maskini wa Unguja aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuimba taarabu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wasifu huo ulitoka mwaka 1958. Wakati huo kumwandikia mwimbaji wa kike wa tabaka la chini kitabu cha heshima lilikuwa tamko la kisiasa, tena kali kuliko hotuba nyingi za majukwaani.

Yapo mabishano ya muda mrefu kuhusu kama Afrika ina falsafa. Mwaka 1945 padri Placide Tempels alitoa nchini Kongo kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu, ambamo watu wote wanafikiri kwa pamoja, bila jina la hata mmoja. Baadaye Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kinyume chake: wapo wenye hekima mmoja mmoja, kwa majina, wanaofikiri na kupinga hata mila za kwao, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1990. Miaka hiyo ya Tempels, mtu mwenye jina na anwani, mjini Tanga, alikuwa anaandika kwa mkono wake kuhusu sheria, utu, kifo, kazi na serikali. Hakuwa na kiti cha chuo kikuu. Aliandika kwa lugha ambayo maprofesa wa falsafa hawakuisoma. Ndiyo maana mpaka leo anawekwa kwenye rafu ya fasihi, na mwanafunzi wa falsafa wa Tanzania anaweza kumaliza shahada yake akiwa amemsoma Plato na Kant lakini hajamsoma Karama.

Kuna barabara ya Shaaban Robert katikati ya Dar es Salaam, mbele ya Makumbusho ya Taifa. Kuna sekondari yenye jina lake jijini humohumo, na kama zilivyo sekondari nchini kwa sera ya elimu ya miaka mingi, masomo yake hufundishwa kwa Kiingereza. Heshima hizo anastahili, lakini zimekuwa rahisi mno. Kumpa mtu barabara hakugharimu kitu. Kumsikiliza kunagharimu.

Zipo barua zake. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, na Profesa Mulokozi akazikusanya barua hizo katika kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002. Humo hamna sanamu. Yumo mtu anayehangaika na fedha, na familia, na wachapishaji wanaochelewesha miswada, mpaka mwishoni anachapisha vitabu vyake mwenyewe hapa Tanga. Ni kitabu ambacho kingepaswa kuwa kimechakaa kwa kushikwa katika kila shule ya mkoa huu.

Basi walimu wa Kiswahili wa Tanga na wakuu wa shule wana kazi ambayo haihitaji kusubiri mtaala mpya. Wamfundishe Shaaban Robert mzima: nishani yake na kadi yake ya chama, utenzi wake wa vita na kesi yake ya Karama, Uyao wake na Uswahili wake. Maktaba ya mkoa, iliyojengwa katika miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza, iweke barua zile mahali ambapo kijana wa Nguvumali akiingia atazikuta bila kuuliza. Na yule kijana anayeyajua maudhui ya Kusadikika kwa mkupuo mmoja apewe zoezi lisilo na jibu la mwongozo: ataje wajumbe wa wakati wake, waliotumwa kuona, wakasema walichokiona, na aeleze waliporudi walipokelewa vipi.